Oksijeni ya Mkopo: Oksaidi za Metali, Usafishaji wa Hewa na Maana ya Neno «Kichocheo»

0. Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja wa kemia alitujia ofisini akiwa na daftari lake mkononi. Hakuja kwa ajili ya kemia, maana sisi si wanakemia. Alikuja kutuomba tumsaidie kupata maneno ya Kiswahili ya somo ambalo alitaka kuwaeleza mafundi rangi wa mtaani kwao: jinsi oksaidi za metali zinavyoweza kuteketeza mivuke yenye sumu iliyomo hewani. Tulimtaka kwanza atufafanulie kichocheo ni kitu gani. Alijibu papo hapo, kwa Kifaransa fasaha, kwamba ni kitu kiongezacho kasi ya mmenyuko bila kushiriki ndani yake. Tukamwomba aseme hayo kwa Kiswahili. Alianza vizuri, akafika kwenye maneno «bila kushiriki», akasita. Kisha akauliza: «Lakini, Mwalimu, asiyeshiriki kazi anawezaje kuiharakisha?»

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Fasili aliyoikariri ni ya kawaida sana katika madaftari yetu, nayo ina kosa. Kosa hilo lilijificha kwa miaka katika lugha ya kukariri, likafichuka mara tu lilipotakiwa kusemwa katika lugha ya kufikiri. Tutaonyesha kwamba kichocheo cha oksaidi hushiriki kwa ukamilifu: hukopesha oksijeni yake chenyewe, kisha hulipwa na hewa. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kulieleza jambo hilo, na kwamba baadhi ya metali zinazohusika ni zilezile zichimbwazo katika ardhi yetu ya Katanga.

Neno moja kuhusu istilahi. Tumeandika «oksaidi», «mmenyuko» na «kichocheo» kama yanavyoandikwa katika vitabu vya Afrika Mashariki, ingawa sikio lililozoea Kifaransa lingependelea «oksidi». Mmenyuko ni mabadiliko ambamo vitu hukutana na kuzaa vitu vipya. Oksaidi ni kitu kilichoundwa kwa elementi fulani iliyoungana na oksijeni. Kutu ya chuma ni mfano ambao kila mmoja wetu anaujua.

1. Mivuke ya ogania na madhara yake

Kila apitaye penye karakana ya kupaka magari rangi, penye fundi viatu apakaye gundi, au penye meza ya muuzaji wa petroli kwa chupa, hupokea puani kitu asichokiona. Kitu hicho ni mvuke wa ogania. Huitwa «ogania» kwa sababu molekuli zake zimejengwa juu ya kiunzi cha kaboni, na huitwa mvuke kwa sababu kimiminiko chake hupaa hewani katika joto la kawaida, bila kuchemshwa. Katika jamii hii tunakuta benzeni na tolueni zilizomo katika petroli, tolueni na zaileni zitumikazo kuzimua rangi, asetoni iondoayo rangi ya kucha, na fomaldehaidi itokayo katika gundi ya mbao za kubandika. Moshi wa makaa, yale ambayo mitaani kwetu huitwa makala, nao hubeba sehemu yake.

Madhara ya mivuke hii ni ya namna mbili. Kwanza, ipo inayoudhuru mwili moja kwa moja. Benzeni huharibu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na huweza kuleta saratani ya damu. Fomaldehaidi huwasha macho na koo, nayo pia imo katika orodha ya vitu ambavyo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umethibitisha kuwa huleta saratani kwa binadamu. Pili, ipo inayoiharibu hewa yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ule ukungu mchungu uliokuwa ukiwaliza machozi wakazi wa Los Angeles, nchini Marekani, ulizaliwa na jua lilipoangaza juu ya mivuke ya petroli na oksaidi za nitrojeni zitokazo katika magari. Katika mmenyuko huo hutokea ozoni, gesi ambayo ikiwa juu sana angani hutukinga na miali ya jua, lakini ikiwa karibu na ardhi huchoma mapafu.

Mtu anaweza kuiondoa mivuke hiyo kwa njia tatu. Anaweza kufungua madirisha. Hapo ameihamisha tu kutoka kwake hadi kwa jirani. Anaweza kuipitisha katika mkaa maalumu unaoinasa; hapo ameihamisha kutoka hewani hadi katika mkaa, na mkaa ukishiba lazima atafute la kuufanya. Au anaweza kuiteketeza, yaani kuiunganisha na oksijeni mpaka isibaki ila kaboni dioksaidi na maji. Kwa tolueni, hesabu yake ni hii:

C7H8 + 9 O2 → 7 CO2 + 4 H2O

Njia ya tatu ndiyo pekee inayoukomesha mvuke wenyewe. Hata hivyo, ina ugumu wake. Mvuke uliomo katika hewa ya karakana ni mchache mno, hauwezi kushika moto wenyewe. Ili kuuteketeza bila msaada, sharti hewa yote ipashwe joto la nyuzi 700 hadi 1000 za Selsiasi, jambo ambalo hula mafuta mengi. Kwa kutumia kichocheo kinachofaa, kazi hiyohiyo hufanyika kati ya nyuzi 200 na 400 hivi, na kwa fomaldehaidi hata chini ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo inayotutaka tuulize: oksaidi hufanya nini hasa?

2. Neno na maana yake

Jambo lilijulikana kabla ya jina. Mwaka 1817 Humphry Davy, huko Uingereza, aliona waya wa platinamu uliopashwa moto ukiendelea kuwaka wekundu ndani ya mchanganyiko wa hewa na gesi ya makaa, bila mwali wowote. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius, wa Uswidi, alikusanya visa vya namna hiyo akavipa jina moja, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kulegeza au kufungua. Maana hiyo ni nzuri, kwa kuwa inatuonyesha fundo lililokaza likilegezwa.

Kiswahili kimechagua njia nyingine. «Kichocheo» hutokana na kitenzi «chochea», ambacho maana yake ya awali ni kusukuma kuni mafigani ili moto uwake zaidi. Kutoka hapo tukapata kuchochea ugomvi na kuchochea watu. Picha iliyomo katika neno ni ya mtu asimamaye nje ya moto, mwenye kijiti mkononi, anayeongeza nguvu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, basi, neno lenyewe linaweza kuimarisha kosa la mwanafunzi wetu: mchochezi huchochea, naye hayumo.

Ukweli ni tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, kichocheo hakiongezi nguvu yoyote. Tuchukue mfano wa msafiri aendaye bonde la pili, mlima ukiwa katikati. Anaweza kuupanda mlima hadi kileleni, na kwa hilo anahitaji nguvu nyingi; ndiyo zile nyuzi 1000. Kichocheo hakimsukumi mgongoni. Humwonyesha njia ipitayo kwenye uwazi kati ya vilima, ambayo ni ya chini zaidi ijapokuwa ina vituo vingi. Mwanzo wa safari ni uleule na mwisho wake ni uleule. Kwa sababu hiyo kichocheo hakiwezi kuleta mmenyuko ambao maumbile yenyewe yameukataza. Huharakisha tu ule uliokuwa ukiwezekana. Pili, kila kituo cha njia hiyo kimo mwilini mwa kichocheo chenyewe. Hili la pili ndilo kiini cha makala haya.

3. Dawa ya deni kulipa

Tuanze na jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kulifanya, mradi awe na uangalifu, kwani kuna moto na kitu kishikacho moto upesi. Chukua waya mnene wa shaba, uukunje kama chemchemi, uushike kwa koleo na kuupasha katika mwali. Ukiutoa, utaona uso wake umekuwa mweusi: shaba imechukua oksijeni ya hewa na kuvaa vazi la oksaidi. Ungali moto, uusogeze juu ya kikombe chenye matone machache ya spiriti, au hata ya lutuku yetu, bila kugusa kimiminiko. Mara moja weusi hutoweka na shaba hung'aa nyekundu kama mpya. Uutoe tena hewani ungali moto, nao utakuwa mweusi tena.

Je, weusi ule umekwenda wapi? Mvuke wa spiriti umeuvua. Oksijeni iliyokuwa imeshikwa na shaba imetumika kuubadili mvuke, na shaba imebaki uchi. Hewa ilipoifikia tena, ilivaa upya. Hapo msomaji ameona kwa macho yake nusu mbili za kazi ya kichocheo: kukopesha na kulipwa.

Wahenga wetu waliijua nusu ya kwanza. Wafua shaba wa Katanga, waliotengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara ya masafa marefu, walichukua malakaiti, lile jiwe la kijani, wakaliweka tanuruni pamoja na makaa na kuvuvia kwa mivukuto. Joto huligeuza malakaiti kuwa oksaidi nyeusi ya shaba, gesi ya makaa huinyang'anya oksaidi hiyo oksijeni yake, shaba hutiririka. Mfua shaba hakutaka deni lilipwe: alitaka shaba ibaki bila oksijeni, na ndiyo maana tanuru yake ilijaa makaa. Mtengenezaji wa kichocheo hutaka kinyume chake. Yeye huiacha hewa ipite daima, ili kila atomi ya oksijeni iliyotolewa irudishwe papo hapo. Tanuru na kichocheo ni ndugu. Tofauti yao ni malipo tu.

Hata maabara za Ulaya zilipitia hapo. Mwaka 1831 Justus Liebig, mjini Giessen huko Ujerumani, alikamilisha njia ya kupima kaboni na haidrojeni zilizomo katika vitu vya ogania: alivichoma pamoja na oksaidi ya shaba, akapima kaboni dioksaidi na maji yaliyotoka. Oksijeni ya kuchomea ilitoka katika oksaidi.

Nadharia kamili iliandikwa mwaka 1954 na Waholanzi wawili, P. Mars na D. W. van Krevelen, walipochunguza jinsi benzeni, tolueni na vitu vingine vinavyoungana na oksijeni juu ya oksaidi ya vanadiamu. Walieleza mzunguko ambao mpaka leo hubeba majina yao. Katika hatua ya kwanza, molekuli ya mvuke hutua juu ya uso wa oksaidi na kuchukua oksijeni iliyomo katika safu za oksaidi yenyewe. Mahali ilipotoka hubaki pengo, kama pengo la jino. Katika hatua ya pili, molekuli ya oksijeni ya hewa hufika, hugawanyika katika atomi mbili, na kila atomi huziba pengo. Uso umerudi ulivyokuwa, tayari kwa mgeni mwingine.

Tukitazama tena hesabu ya tolueni, tutaona uzito wa jambo hili. Molekuli moja tu ya tolueni huhitaji atomi 18 za oksijeni hadi iteketee kabisa. Fomaldehaidi huhitaji 2 tu. Kwa hiyo si ajabu kwamba fomaldehaidi huteketezwa kwa joto dogo, na tolueni ikadai zaidi. Mkopaji mkubwa huhitaji mkopeshaji mwenye ghala.

Mtu akitaka ushahidi, afunge hewa. Ukipitisha mvuke peke yake, bila oksijeni, juu ya oksaidi iliyo moto, kaboni dioksaidi huendelea kutoka kwa muda, kisha hupungua na kukoma: ghala limekwisha. Ukifungulia hewa, oksaidi hujaa tena. Kitu «kisichoshiriki» kisingeweza kuishiwa. Ni haki kuongeza kwamba mkopo wote hautoki ndani ya safu za oksaidi. Ipo pia oksijeni ya hewa inayoshikamana usoni kwa muda na kufanya kazi hapohapo, hasa joto likiwa dogo, na mapengo ndiyo yanayoivuta.

4. Bahili, mfujaji na mkopeshaji mwema

Si kila oksaidi iwezayo kazi hii. Oksaidi ya kalisi, yaani chokaa, na oksaidi ya alumini hushika oksijeni yao kwa nguvu kubwa. Hizo ni bahili, hazikopeshi. Oksaidi ya fedha, kwa upande wake, huachia oksijeni ikipashwa moto kidogo tu, na kuirudisha ni vigumu. Hiyo ni mfujaji. Mkopeshaji mwema huwa katikati. Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyetufundisha kwamba kichocheo bora hushika vitu si kwa nguvu mno wala kwa ulegevu mno. Metali zifaazo ni zile ziwezazo kukaa katika hali mbili au zaidi, yaani kuwa na oksijeni nyingi au chache bila kuvunjika. Tutataja nne.

(a) Shaba. Tumekwisha kuiona. Ni rahisi kupatikana, na hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na nyingine.

(b) Manganizi. Oksaidi yake nyeusi ndiyo iliyomo katika mawe ya tochi na redio. Huwa na hali nyingi kuliko wenzake, na baadhi ya maumbo yake huweza kuteketeza fomaldehaidi hata katika joto la chumbani. Kwetu Katanga, jina la Kisenge halitengani na manganizi.

(c) Kobalti. Oksaidi yake maarufu, Co3O4, ina atomi za kobalti za hali mbili zikikaa pamoja katika jengo moja, na oksijeni yake haikushikwa kwa nguvu sana. Kwa sababu hiyo huhesabiwa miongoni mwa oksaidi hodari kabisa za metali zisizo za thamani kubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Uchina walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: vijiti vidogo mno vya Co3O4 viliweza kuigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi katika baridi ya nyuzi 77 chini ya sifuri. Kaboni monoksaidi si mvuke wa ogania, lakini mkopo ni uleule.

(d) Seriamu. Hii ni mweka hazina. Huteketeza kwa kiasi, lakini huweza kuweka na kutoa oksijeni kwa haraka, na hivyo huwasaidia wenzake wasiishiwe. Ndiyo maana imo katika visafisha-moshi vya magari, pamoja na platinamu na paladiamu.

Mchanganyiko mmoja unastahili kutajwa peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanakemia wa Marekani walitafuta unga wa kuwekwa katika vinyago vya kujikinga na kaboni monoksaidi. Walichanganya oksaidi za manganizi, shaba, kobalti na fedha, wakauita hopkalaiti, jina lililoundwa kutokana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kile cha California. Baadaye mchanganyiko wa manganizi na shaba peke yake uliingia katika vifaa ambavyo wachimbaji wa chini ya ardhi hubeba kiunoni, ili wapate hewa ya kutokea moto ukizuka mgodini. Katika mchanganyiko ule wa kwanza wa metali nne, tatu zimo ardhini mwetu.

5. Umbo la kichocheo na maadui zake

Kwa kuwa mkopo hufanyika usoni, uso ndio mali. Oksaidi husagwa au kutengenezwa iwe na vinyweleo vingi, hata gramu moja iweze kuwa na uso wa mita za mraba 50, 100 au zaidi. Kisha hupakwa juu ya kauri yenye matundu mengi mfano wa sega la nyuki, hewa ipite bila kuzuiwa. Hewa chafu hupashwa joto, hupita segani, na hutoka safi. Wahandisi hupima ubora wa kichocheo kwa joto ambalo nusu ya mvuke huteketea, na lile ambalo sehemu tisa kwa kumi huteketea. Kadiri joto hilo lilivyo dogo, ndivyo kichocheo kilivyo bora.

Maadui ni wengi. Joto likizidi sana, chembe hugandamana kama sukari iliyopata unyevu, na uso hupungua. Salfa hung'ang'ania mahali pa mkopo na kuliziba. Hivyo hewa itokayo katika tanuru za madini ya salfa haifai kupitishwa hapo kabla ya kuoshwa. Klorini, fosforasi na silikoni hudhuru vilevile. Hata mvuke wa maji, ambao ni zao la mmenyuko wenyewe, hushindana na wageni kupata nafasi, hasa joto likiwa dogo. Oksaidi ya kobalti huathirika sana na jambo hilo.

Adui wa hatari zaidi ni kazi iliyoishia njiani. Katika jaribio letu la waya, spiriti haikuteketea kabisa. Sehemu kubwa yake iligeuka asetaldehaidi, na pua huitambua kwa harufu kali. Kichocheo kibaya, au kilicho baridi mno, huweza kuubadili mvuke mmoja kuwa mwingine ulio mbaya zaidi. Kwa hiyo haitoshi kuona kwamba tolueni imetoweka. Lazima ihakikishwe kwamba imefika mwisho wa safari.

Tuseme wazi pia kwamba kifaa hiki hakitasafisha hewa ya soko wala ya barabara. Hufanya kazi pale tu ambapo mvuke umekusanywa ndani ya bomba: katika kiwanda cha rangi, kiwanda cha uchapaji, chumba kilichofungwa cha kupakia magari. Fundi apakaye gari chini ya mwembe hatafaidika nacho. Kwake yeye dawa ya kwanza ni kufunika mikebe, kufanya kazi penye upepo, kutoosha mikono kwa petroli, na kuvaa kinyago chenye mkaa. Mwanafunzi wetu alihuzunika kidogo tulipofikia hitimisho hilo; lakini kuwaambia watu kweli isiyopendeza ni bora kuliko kuwaahidi mashine isiyowafaa.

6. Ardhi na lugha

Jina la kobalti lenyewe lina kisa. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliliona jiwe lililofanana na lenye fedha, wakaliyeyusha, wasipate kitu ila moshi wenye sumu ya aseniki. Walidhani ni hila za pepo wa mgodini aliyeitwa Kobold. Katika miaka ya 1730 Georg Brandt, wa Uswidi, alithibitisha kwamba ndani ya mawe hayo kulikuwamo metali mpya. Jina la pepo likabaki.

Leo zaidi ya theluthi mbili za kobalti ichimbwayo duniani hutoka nchini mwetu, nyingi katika Lualaba na Haut-Katanga. Sehemu kubwa huondoka ikiwa unga wa haidroksaidi, husafishwa Uchina, na nyingi huishia katika betri. Unga huohuo, ukiisha kusafishwa na kuchomwa katika hewa, hugeuka kuwa ile Co3O4 nyeusi tuliyoieleza. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni nyepesi, kwa maana usafi unaotakiwa ni mkubwa, na vumbi la kobalti hudhuru mapafu ya asiyejikinga. Tunasema tu kwamba umbali kati ya mgodi na kichocheo, kwa hesabu ya kikemia, si mrefu kama tunavyoudhania. Umbali mrefu zaidi huenda uko katika madaftari yetu.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata neno la kusema. Mara nyingi tunaambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kemia kwa sababu hakina istilahi. Istilahi si shida kubwa: atomi, molekuli na oksaidi hukopwa na kila lugha, na kukopa si aibu, kama oksaidi yenyewe inavyotufundisha. Lililo muhimu ni vitenzi. Mwanafunzi aliyesema «bila kushiriki» hakukosa nomino. Alikosa vitenzi vya kueleza kinachotendeka. Alipovipata, «kukopesha, kuvuliwa, kubaki na pengo, kulipwa, kuvaa tena», fasili yake ilijirekebisha yenyewe.

Je, basi tuliache neno «kichocheo»? Sisi tunaona la hasha. Neno limekwisha kuenea, na kuunda jipya kungewachanganya wanafunzi wanaosoma vitabu vya Dar es Salaam. Maneno mengi ya sayansi yana asili isiyolingana na maana yake ya sasa. Kobalti na pepo wake ni ushahidi. Inatosha mwalimu aeleze kwamba mchochezi huyu hasimami nje na kijiti: yeye mwenyewe ni miongoni mwa kuni, ila ni kuni isiyokwisha, kwa kuwa kila inapopunguka hujazwa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba oksaidi za shaba, manganizi, kobalti na seriamu huteketeza mivuke ya ogania kwa kuikopesha oksijeni yake na kulipwa na hewa. Kwamba ubora wake hutegemea kutokuwa bahili wala mfujaji. Na kwamba zina maadui ambao mhandisi lazima awajue. Kwa walimu wenzetu tunapendekeza fasili hii iwekwe mahali pa ile ya zamani: kichocheo ni kitu kishirikicho katika mmenyuko, kikauharakisha kwa kuufungulia njia nyepesi zaidi, kisha kikarejea katika hali yake ya awali.

Mwanafunzi wetu aliinakili kwenye daftari lake, chini ya ile ya Kifaransa, ambayo hakuifuta. Alisema ataziacha zote mbili zikae pamoja, ili akumbuke ni ipi aliyoikariri na ni ipi aliyoielewa.